Ufito Katika Mtutu

Ilikuwa Jumanne ya kawaida kabisa. Nilipanda basi Blacktown asubuhi na mapema, nikafika Smithfield kabla ya saa moja, nikavaa viatu vyangu vya kazi vyenye chuma mbele, nikamimina chai ya tangawizi kutoka kwenye thamosi. Danny, msimamizi wetu, akanitania kama kila siku kwamba harufu ya chai yangu inaziamsha mashine. Karakana yetu hukereza vyuma: shafti, mabomba ya haidroliki, pini za matrekta. Mimi ndiye mkaguzi wa unyoofu. Chuma kikipinda kiasi cha unywele nitakiona, na sisemi hivi kwa majivuno, maana ndiyo kazi inayonilisha.

Saa nne aliingia mteja, mwanamume wa makamo mwenye kofia pana ya shamba na mikono iliyobabuka kwa jua. Alikuwa na kibali cha kuua nguruwe mwitu huko mashambani. Alitaka ufito mmoja tu wa chuma, mwembamba, mrefu kama mkono wa mtu, ulionyooka kabisa. Nikamuuliza ni wa nini. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayefurahia kazi yake, kwamba bunduki yake ina kiwambo cha kuzuia sauti, na kabla ya kufyatua ni lazima upitishe ufito ndani ya mtutu hadi utokeze mbele ya kiwambo, uone kama umekaa katikati ya tundu. Kiwambo kikifungwa pogo, risasi inagonga ukingo na kitu kizima kinapasuka karibu na uso wako.

Nilijua. Nilijua ufito huo ni wa nini kabla hajafungua kinywa. Nikaishika meza kwa mikono miwili.

“You right, mate?” Danny akauliza.

Nikamwambia ni tumbo tu, nikatoka nje. Nilisimama nyuma ya jengo karibu na mapipa ya taka kwa dakika kumi hivi, nimejificha mchana kweupe, mtu mzima wa miaka hamsini na minne.

Hofu yenyewe haikuwa ya bunduki. Hapa Sydney, katika kanisa letu la Blacktown, kuna mwanamke tunayesali naye kila Jumapili. Tunamwita Mama Neema. Tulitoka naye mji mmoja. Mumewe aliuawa kwa bunduki ambayo ufito wake niliupitisha mimi, na yeye hajui. Ananiita rafiki wa marehemu. Siku ile nyuma ya karakana niliona wazi kwamba siwezi tena kumpa mkono na kumwambia Bwana asifiwe. Ama nimwambie, ama nihame kanisa.

Nianze na Uvira, ule mji wetu wa kando ya ziwa. Nilikuwa na karakana yangu hapo, upande wa juu wa soko, na mashine moja ya kukereza ya Kibelgiji iliyonizidi umri. Mafundi wa mtaa ule tulikuwa na desturi ambayo sijui nani aliianza: fundi ndiye anayejaribu kazi yake kwanza. Ukitengeneza breki za baiskeli, wewe ndiye unayeiteremsha mlimani kabla mwenyewe hajaigusa. Ukichomelea ngazi, wewe unapanda. Mteja anasimama mikono nyuma akisubiri kuona kama utavunjika shingo. Tuliipenda sana desturi hiyo, ilitupa heshima, na wateja waliizungumza mbali.

Mume wa Mama Neema ndiye aliyekuwa akisimamia pampu ya maji iliyopeleka maji kata ya juu, nilikokuwa naishi mimi. Ilikuwa pampu ya dizeli yenye ngurumo ya kutikisa ardhi, na shafti yake nilikuwa nimeikereza mwenyewe. Papa Neema alikuwa mfupi, mcheshi, mbishi kupindukia. Nilipoileta ile shafti alinilazimisha nikae ndani ya chumba cha pampu siku nzima, desturi ni desturi, ili ikivunjika inipige mimi kwanza. Jioni nilitoka humo sisikii kitu, na yeye akacheka mpaka akashika ukuta.

Kisha wapiganaji wakauchukua mji. Sitawataja, maana kila aliyetoka kule anawajua, na asiyewajua jina halitamsaidia. Walimwamuru Papa Neema akate maji ya kata ya juu, wakidai kwamba vijana wa upande wa pili wanafichwa huko. Hakubisha nao. Aliitikia tu, na kesho yake asubuhi akaiwasha pampu kama kawaida, na jioni akaizima kama kawaida. Wakarudia amri, naye akarudia kuitikia. Mji mzima ulikuwa ukilisimulia jambo hilo na kucheka chinichini. Wapiganaji walijua kwamba wakimpiga risasi hadharani, watu wote wa juu watateremka barabarani.

Komanda wao alikuja karakanani asubuhi moja na watu watatu. Alikuwa kijana msafi, mwenye sauti ya chini. Alisalimia vizuri, akaketi kwenye kiti cha wateja.

“Fundi, banasema jicho yako haidanganyake.”

Nikatabasamu. Hiyo ndiyo aibu yangu ya kwanza, kwamba nilisifiwa nikatabasamu.

“Ile pampu ya maji, ni weye uliitengeneza?”

“Shafti yake, Komanda.”

“Iko na kelele?”

“Kelele mingi kabisa. Ukisimama pa mulango, mutu akikuita hapa, haumusikie.”

Nilimjibu kama fundi anayeulizwa habari za kazi yake. Hata mikono niliinyoosha kumwonyesha umbali. Yeye akaangalia ule umbali, akaitikia kwa kichwa taratibu, akamwashiria mtu wake aweke gunia juu ya meza.

Ndani yake mlikuwa na bunduki, na pembeni kiwambo cha kuzuia sauti, bomba jeusi lenye urefu wa kiganja na nusu.

“Silansie. Haiikale muzuri. Pima.”

Hapo ndipo nilipoelewa niliulizwa nini kuhusu pampu.

Nilichukua ufito mwembamba niliokuwa nao, nikauviringisha juu ya kioo kuhakikisha haujapinda. Nilikifunga kiwambo, nikapitisha ufito kutoka nyuma ya mtutu hadi ukatokeza mbele. Nikaigeuza bunduki kuelekea mwanga wa mlango.

Ufito ulikuwa umelalia upande wa kushoto. Ulikuwa ukigusa ukingo.

Nilikaa nikiuangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Iko aje?” akauliza Komanda.

Nilifikiri: niseme iko sawa. Wataondoka nayo, itawapasukia wao. Mdomo nilishaufungua.

“Lakini utajaribu weye wa kwanza,” akasema. “Si njo desturi yenu ba fundi?”

Wale watatu wakacheka. Alikuwa ameisikia mtaani, kama kila mtu.

Nikafunga mdomo. Niliona uso wangu ukipasuka. Niliona Furaha, binti yangu, aliyekuwa na miaka sita, akiitwa kuja kunitambua.

“Imepinda,” nikasema.

“Basi inyoshe.”

Nikaiwasha mashine. Sitaeleza nilichofanya, si kwa kuwa nimesahau. Nilipokuwa nikikereza, wazo lilinijia kwamba ninaweza kuifanya ishike kwa risasi moja tu, yangu, na ya pili iwaharibikie. Nadhani fundi wa kweli angeweza. Lakini mikono ilikataa kubahatisha. Kila nilipojaribu kukosea, niliona uso wangu, nikasahihisha. Nilifanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya maishani, na aliyeifanya iwe nzuri ni woga.

Nikapitisha ufito tena. Ulisimama katikati kabisa.

Waliegemeza mfuko wa mchanga kwenye ukuta wa nyuma. Nikashika bunduki. Nilifumba macho, nikafyatua.

Nilipofumbua, uso wangu ulikuwepo. Mchanga ulikuwa ukimwagika kidogo kidogo kutoka kwenye mfuko. Majirani hawakuuliza kitu. Hakuna hata kuku aliyeruka.

Komanda alinipiga bega, akasema asante fundi, akaondoka na watu wake wawili. Wa tatu aliachwa mlangoni, bunduki mapajani, akimenya karanga. Ilikuwa saa nane mchana. Nikamwambia nataka kwenda haja. Akanionyesha ndoo.

Aliniachia saa kumi na moja. Alisimama, akakung'uta maganda, akaenda zake.

Kutoka karakanani kulikuwa na njia mbili. Ya kushoto ilikwenda kwenye pampu, mwendo wa dakika kumi na tano. Ya kulia ilikwenda nyumbani. Nilisimama pale nikisikiliza. Nilisikia ngurumo ya pampu, mbali, ikienda sawasawa. Nikajiambia pampu inafanya kazi, kwa hiyo yu hai. Nikajiambia wanaweza kuwa wananifuata. Nikajiambia nitakwenda kesho asubuhi, mapema, kama mtu anayekwenda kukagua shafti yake.

Nikashika ya kulia.

Nyumbani nilimkuta mke wangu akijaza madumu. Kwa kawaida maji yalikatika jua likizama, lakini siku hiyo yaliendelea kutoka. Wanawake wa mtaa walitoka na kila chombo walichokuwa nacho, hadi sufuria na mabeseni ya kuogeshea watoto. Walikuwa wakicheka. “Papa Neema ametuhurumia leo,” mke wangu akasema. Niliosha mikono kwa maji hayo. Nilikunywa maji hayo.

Dizeli iliisha asubuhi, pampu ikazimika yenyewe, na watu waliokwenda kuuliza wakamkuta amelala nje ya mlango wa chumba cha pampu. Risasi moja. Hakuna aliyesikia mlio. Mkewe hakuwepo, alikuwa amelala kwa dada yake, na wote wakakubaliana kwamba Papa Neema aliuawa jioni alipokuwa akienda kuzima mashine, giza lilipoanza kuingia. Mimi pia nilikubali hivyo. Kwa hesabu hiyo, nilipokuwa nimesimama kwenye njia zile mbili, rafiki yangu alikuwa bado yu hai, na nilikuwa na muda wa kutosha wa kumfikia.

Wiki hiyo kata ya juu ilikauka, watu wakaanza kuhama, na sisi tukavuka ziwa kwenda Kigoma. Tulikaa kambini miaka mingi, nikajifunza Kiswahili hiki ninachoandikia, kisha tukaletwa hapa. Sikumwambia mtu. Hata mke wangu anadhani siku ile wapiganaji waliniletea baiskeli.

Mama Neema alikuja Sydney baadaye sana, akapewa nyumba ya serikali Macquarie Fields. Jumapili ya kwanza aliponiona kanisani alinikumbatia akalia, akawatangazia watu wote kwamba mimi ndiye niliyetengeneza shafti ya pampu ya mumewe, na kwamba marehemu alinipenda. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa nyumba yake. Namfungia taa, namrekebishia bawaba, maana ukiripoti kwa watu wa nyumba za serikali unasubiri mpaka uzeeke. Kila mara ananipa chakula cha kubeba. Nimekula sombe yake, yaani kisamvu, miaka miwili nikiwa na neno hili kooni.

Ufito wa yule mteja mzungu niliukereza kesho yake, Jumatano. Ulinyooka vizuri. Alinishukuru akaondoka.

Jumamosi nilipanda treni. Furaha, ambaye sasa ni muuguzi, aliniona nikifunga vifungo vya shati vibaya. “Dad, you're scaring me,” akasema. “Nani amekufa?” Nikamwambia hakuna aliyekufa, naenda kumtengenezea Mama Neema bomba la jikoni. Njiani nilishuka kubadilisha treni, nikaziacha mbili zipite. Nilitamani yawepo matengenezo ya reli, yale ya wikendi ambayo kila mtu anayalaani. Hayakuwepo.

Alinikaribisha jikoni. Alikuwa akichambua maharage, miwani imeshuka puani.

“Papa Furaha, leo sina kitu ya kutengenezwa,” akasema akicheka. “Ao uko na njaa?”

Nikamwambia akae. Akaona uso wangu, akakaa.

Nilimweleza yote. Nilianza na swali la Komanda kuhusu kelele, nikamaliza na njia ya kulia. Sikujitetea, au nilijaribu nisijitetee. Nilitazama maharage muda wote.

Nilitegemea anipige. Nilitegemea anifukuze, au apige simu kwa mchungaji. Nilikuwa nimejiandaa kwa hayo yote.

“Ilikuwa inalia namna gani?” akauliza.

“Nini?”

“Ile silansie. Weye uliipiga. Ilikuwa inalia namna gani?”

Nilijaribu kwa mdomo, nikaona ni upuuzi. Nikasimama, nikafungua mlango wa kabati lake la vyombo, nikaubamiza.

Akatikisa kichwa. “Nguvu kidogo tena.”

Nikaubamiza tena. Vikombe vikagongana ndani.

“Njo hiyo,” akasema Mama Neema.

Alivua miwani akaiweka juu ya maharage.

“Siku ile nilikuwa nyuma ya ukuta ya pampu, pale pa kufulia. Pale kelele ya pampu haiko sana. Nikasikia ile kitu. Nikasema, ameangusha tena masanduku ya vyuma. Sisi tulikuwa na namna yetu, Papa Furaha. Mimi nagonga bomba na jiwe, yeye ananijibu na spana. Hata kelele iwe aje, mukono yake ilikuwa inasikia. Nikagonga. Hakunijibu. Nikagonga tena.”

Alifuta mikono kwenye kitenge chake.

“Asubuhi tulikuwa tumegombana. Mimi nilitaka tuvuke ziwa, yeye anasema pampu yake, pampu yake. Sasa hanijibu, nikasema, kweli, huyu mwanaume amenikasirikia mpaka hapo? Na mimi nikakasirika. Nikaacha nguo kwenye beseni, nikaenda kwa dada bila kumuaga. Nikapita njia ya nyuma ili asinione.”

“Ilikuwa saa ngapi?” nikauliza.

Sijui kwa nini niliuliza. Au najua.

“Saa kumi. Jua ilikuwa bado kali. Nguo za kwanza zilikuwa zimeshakauka.”

Saa kumi.

Mimi niliachiwa saa kumi na moja. Niliposimama pale nikisikiliza pampu, alikuwa ameshalala chini saa nzima. Hata ningekimbia, ningekimbilia maiti.

Nilivuta pumzi ndefu, ndefu mno, na kuishusha, palepale mbele yake. Alinitazama nikiivuta. Yeye si mjinga, aliihesabu ile saa pamoja nami, akaona nimepata nini.

“Mimi nilikuwa najua alikufa jioni,” akasema polepole. “Mimi niko kwa dada, mbali, siwezi kitu. Njo vile nimeishi. Sasa weye uko unaniambia nilikuwa pale. Ukuta moja. Na nilimununia.”

Nikasema anisamehe. Aliyavuta maharage karibu, akaendelea kuyachambua bila miwani, kwa vidole, akiweka mabovu pembeni. Nikakaa mpaka nilipoona kwamba kukaa kwangu kunamchosha, nikaaga. Hakunipa chakula cha kubeba.

Ndani ya treni nilijaribu kuyapima mambo haya kama ninavyopima chuma. Papa Neema alikufa kwa kazi ya mikono yangu, na hilo halijapungua hata kidogo. Kata nzima ilikosa maji, na wengine wakafa njiani kwa sababu hiyo, nao pia nawahesabu. Lakini ile njia ya kulia, iliyoniamsha usingizini kwa miaka yote hii, nilikwenda nayo Macquarie Fields na sikurudi nayo. Niliiacha kwa mjane wa rafiki yangu. Nilidhani nakwenda kumpa ukweli wake, kumbe nilikwenda kubadilishana naye. Nilipata ahueni, na naona aibu kuiandika, lakini ndivyo ilivyo. Usiku ule nililala fofofo.

Jumapili Mama Neema hakuja kanisani. Watu waliniuliza mimi kama anaumwa, kwa kuwa mimi ndiye ninayejulikana kuwa karibu na nyumba yake. Nikawajibu kwamba sijui.